Asiyekuwapo na Lake Halipo: Mkutano wa Makerere wa 1962 na Fedha Zilizofichwa

Utangulizi

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nikifundisha historia ya fasihi ya Afrika Mashariki katika darasa la kidato cha tano hapa Kampala. Niliandika ubaoni, kama nilivyozoea kuandika kila mwaka, kwamba fasihi ya kisasa ya Afrika ilizaliwa kilimani Makerere mwezi wa Juni 1962, katika mkutano wa waandishi wa Kiafrika. Chini ya mstari huo nikaandika kwamba mwezi huo huo, mjini Dar es Salaam, Shaaban Robert alifariki dunia. Binti mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Huyu mzee hakualikwa?"

Nikamjibu kwamba mkutano ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza.

"Na ni nani aliyeamua uwe wa Kiingereza, Mwalimu?"

Sikuwa na jibu. Maelezo niliyokuwa nikiyanakili ubaoni niliyapata chuoni nilipokuwa nikisomea ualimu, nami nikayapokea kama mtu apokeavyo maji mtungini, bila kuuliza yametekwa kisima gani. Nilimwahidi binti huyo kwamba nitamletea jibu. Makala haya ndiyo jibu nililokwenda kulitafuta, na nimeona si haki libaki katika darasa moja. Linahusu jambo ambalo sisi walimu wa lugha tunalitaja mara kwa mara lakini kwa nadra tunalichambua, nalo ni propaganda. Tena si ile ya madikteta, ambayo kila mtu huitambua kwa kelele zake, bali ile ya nchi za Magharibi zinazojivunia demokrasia, ambayo huja kimya kimya, imevaa vizuri, na mara nyingi imebeba zawadi.

Mkutano wenyewe

Tuanze na yale yanayojulikana na wote. Mkutano ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Makerere, miezi minne tu kabla ya Uganda kupata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Jina lake rasmi liliutaja kuwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Kutoka Nijeria walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark. Kutoka Afrika Kusini walikuja Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane, ambao wakati huo walikuwa wakiishi uhamishoni. Kutoka Marekani alikuja mshairi mkongwe Langston Hughes. Wenyeji nao walikuwapo, na miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi wa Makerere aliyekuwa amekwisha kuchapisha hadithi fupi chache, jina lake James Ngugi. Ndiye huyo ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, na ambaye alifariki Mei 2025. Katika mkutano ule alimpa Achebe mswada wake ausome, na mswada huo ukawa riwaya ya Weep Not, Child, iliyotoka 1964.

Hapana ubishi kwamba ulikuwa mkusanyiko wa vipaji vya hali ya juu. Vijana wengi wa umri wa miaka ishirini na thelathini, kutoka pembe mbalimbali za Afrika, walikutana kwa mara ya kwanza, wakasomeana kazi zao na kubishana juu ya maana ya fasihi ya Kiafrika. Mtu asiyeona thamani ya siku hizo hajui thamani ya waandishi kukutana.

Lakini mkutano hauitishwi na upepo. Kuna aliyelipa nauli za ndege, aliyelipa malazi na chakula, aliyechapa barua za mwaliko. Aliyefanya hivyo alikuwa Baraza la Uhuru wa Utamaduni, lililojulikana kwa jina lake la Kiingereza la Congress for Cultural Freedom, lenye makao makuu Paris, likishirikiana na klabu ya Mbari ya Ibadan. Mphahlele ndiye aliyekuwa akisimamia shughuli za Afrika katika baraza hilo. Baraza hilo hilo lilikuja kulisaidia kwa fedha jarida la Transition, lililoanzishwa hapa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, kijana mzaliwa wa mji huu mwenye asili ya Kihindi. Transition lilikuwa jarida la fahari. Ndani yake waliandika wanasiasa na wanariwaya, washairi na maprofesa, na Ali Mazrui alikuwa mmoja wa wahariri wake washiriki. Mtu aliyetaka kujua Afrika ilikuwa ikifikiri nini, alilisoma.

Njia ya fedha

Mwezi wa Aprili 1966, gazeti la New York Times lilichapisha mfululizo wa makala juu ya Shirika la Ujasusi la Marekani, lijulikanalo kwa herufi za CIA, na ndani yake likataja kwamba Baraza la Uhuru wa Utamaduni lilikuwa likipokea fedha za shirika hilo. Mwaka 1967 jarida la Ramparts la California likafichua mengi zaidi juu ya vyama vilivyolipwa kwa siri. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, Thomas Braden, aliyewahi kuongoza idara ya CIA iliyoshughulikia vyama vya kimataifa, akaandika waziwazi kwamba ni kweli, na kwamba hajuti. Stephen Spender, mshairi wa Kiingereza aliyekuwa mhariri wa jarida la Encounter la London, jarida jingine la baraza hilo, alijiuzulu.

Njia ya fedha ilikuwa hivi. Fedha zilitoka katika hazina ya serikali ya Marekani, zikapita CIA, zikaingizwa katika mifuko ya hisani. Mmoja wa mifuko hiyo uliitwa Farfield, nao uliongozwa na tajiri aliyejulikana kwa mapenzi yake ya sanaa. Kutoka mfukoni humo zikaenda kwa Baraza la Paris, na kutoka Paris zikafika Ibadan na Kampala. Kila kituo kilizisafisha kidogo, hata zilipomfikia mwandishi zilikuwa hazina harufu tena. Baraza hili lilikuwa limeanzishwa Berlin mwaka 1950, wakati wa Vita Baridi, kwa kusudi la kuwavuta wasomi wa dunia wasielekee Ukomunisti. Nchi za Afrika zilipoanza kupata uhuru, nazo zikaingizwa katika hesabu.

Na hii haikuwa kazi ndogo. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church, iliyotoa ripoti yake mwaka 1976, iligundua kwamba hadi mwisho wa 1967 CIA ilikuwa imetayarisha, imesaidia kwa fedha au imedhamini vitabu zaidi ya 1,000. Uingereza nayo ilikuwa na idara yake ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, iliyoundwa 1948 na kufungwa 1977, ambayo iliwapelekea waandishi wa magazeti habari zilizopikwa tayari bila msomaji kujua zimetoka jikoni mwa serikali.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya propaganda ya dikteta na ile ya nchi ya kidemokrasia. Dikteta hana haja ya kuficha, kwa kuwa redio ni yake, gazeti ni lake, na gereza ni lake pia. Serikali ya kidemokrasia imewaahidi raia wake kwamba waandishi wako huru na kwamba hesabu za hazina zitawekwa wazi. Ikitaka kuwaelekeza waandishi haina budi kuwadanganya watu wawili kwa mpigo: yule mwandishi wa mbali anayedhani anasaidiwa na wapenda sanaa, na raia wake mwenyewe aliyelipa kodi bila kujua inanunua nini. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Dola hizi zilipenyezwa hata pale pasipokuwa na udhia, ili udhia usije ukazuka.

Ni haki pia tukumbuke kwamba siri hii ilifichuliwa na magazeti ya Marekani yenyewe, na kwamba Seneti ya Marekani ndiyo iliyoandika ripoti. Demokrasia iliyodanganya ndiyo iliyojiumbua. Lakini ilijiumbua baada ya kazi kwisha kufanyika, na waliodanganywa huku kwetu walibaki kubeba aibu isiyokuwa yao.

Kilichonunuliwa na kisichonunuliwa

Sasa tuje kwenye uhakiki, maana hadi hapa tumesimulia tu. Je, waandishi wa Makerere walinunuliwa? Je, Transition lilikuwa sauti ya Washington?

Nimejaribu kusoma kwa makini nione kama kuna mahali mkono wa mlipaji unaonekana katika sentensi. Nakiri kwamba sikuuona. Hakuna aliyemwambia Achebe aandike nini. Soyinka hakuwahi kuwa mtu wa kulishwa maneno. Transition lilichapisha watu wa kila mrengo, na Neogy alieleza hadharani kwamba hakujua chanzo cha fedha zile. Zaidi ya hayo, toleo la 10 la Transition, la Septemba 1963, lilibeba makala ya Obi Wali wa Nijeria, ambayo yaliushambulia mkutano wa Makerere kwenye shina lake. Wali alidai kwamba fasihi iliyoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa haiwezi kuwa fasihi ya Kiafrika, na kwamba njia ile itaishia ukutani. Ndiyo kusema shambulio kali kuliko yote dhidi ya mkutano uliolipiwa na Baraza la Paris lilichapishwa katika jarida lililosaidiwa na Baraza hilo hilo.

Wapo watakaosema, "Basi, kama waliachwa waseme watakavyo, propaganda iko wapi?" Swali hili ni zito na halifai kurukwa. Jibu langu ni kwamba tumezoea kuitafuta propaganda katika maneno yanayosemwa, nayo haikai huko. Mwenye fedha mwerevu hamlishi mgeni wake maneno. Huchagua ukumbi, huchagua lugha, huandika orodha ya wageni, kisha huketi pembeni na kuwaacha waseme wapendavyo. Atakayesema atasema kwa uhuru kamili. Wasiokuwamo katika orodha hawatasema kitu, wala hakuna atakayetambua kwamba hawakusema.

Nasi tusimzidishie mtuhumiwa makosa. Sina ushahidi kwamba kuna mtu yeyote wa CIA aliyekaa chini akapanga kukifungia mlango Kiswahili. Bila shaka hata hakukifikiria. Kukitukuza Kiingereza ilikuwa mazoea ya shule za kikoloni, na waandishi wale walikuwa zao la shule hizo kama sisi tulivyo. Zile fedha ziliyakuta mazoea yaliyokwisha kuwapo, zikayapa ukumbi, nauli, picha za magazetini na jina. Mazoea yaliyopewa ukumbi na jina hugeuka historia, na historia hiyo ndiyo niliyokuwa nikiinakili ubaoni kila mwaka.

Asiyekuwapo

Mwezi ule wa Juni 1962 Shaaban Robert alikuwa na umri wa miaka 53. Alikuwa amekwisha kutoa Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, mbali na mashairi na insha zilizosomwa kutoka pwani hadi bara. Ngũgĩ, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, alikumbusha kwamba mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache za Kiingereza alistahili kuhudhuria, ilhali Shaaban Robert wa Kiswahili na Fagunwa wa Kiyoruba, wenye vitabu kadhaa kila mmoja, hawakustahili. Mwanafunzi huyo alikuwa yeye mwenyewe. Kwa sababu hiyo ushahidi wake una uzito, kwani ni wa mtu aliyekula karamu akauliza kwa nini jirani hakuitwa.

Tufikirie walimkosa nani. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Karama hajitetei kwa kupiga kelele, bali anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote za dunia kutafuta mema, wakarudi nayo, na nchi yao ikawalipa adhabu. Kitabu hicho kiliandikwa chini ya utawala wa Waingereza, na shabaha yake ni watawala wasiopenda kusikia. Mwandishi wa kitabu cha namna hiyo angekuwa na la kuwaambia wenzake juu ya mtu anayejiona anasema kwa uhuru hali mipaka imekwisha kuwekwa na wengine. Hata angalikuwa na afya njema, jina la mkutano lingemzuia mlangoni. Asiyekuwapo na lake halipo.

Nataka hapa niwakumbushe walimu wenzangu gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, nalo lilikuwa na kasumba yake. Lakini washairi wetu walilitumia wakatungiana na kujibizana humo. Msomaji wa Mambo Leo alijua yumo katika nyumba ya nani, akayatega masikio yake ipasavyo, akachukua shairi na kuacha hotuba ya Bwana Shauri. Msomaji wa Transition kabla ya 1966 hakupewa nafasi hiyo. Alidhani yuko uwanjani, kumbe yuko uani kwa mtu. Ndiyo maana nasema kosa la fedha za siri si kwamba ziliwafanya waandishi waseme uongo. Zilimnyang'anya msomaji haki ya kujua ategeje sikio.

Na walioumia hawakuwa Washington. Oktoba 1968 serikali ya Milton Obote ilimkamata Neogy pamoja na Abu Mayanja, mbunge, kwa mashtaka ya uchochezi kutokana na barua ya Mayanja iliyochapishwa katika Transition. Mahakama iliwaachilia, wakawekwa kizuizini tena, hata Neogy akatolewa 1969. Neogy aliondoka Uganda, na jarida likahamia Accra. Simlaumu mtu kwa kitu nisichoweza kukithibitisha, lakini ni wazi kwamba ufichuzi wa mwaka 1966 na 1967 ulimpa kila aliyetaka kulinyamazisha jarida lile hoja iliyo tayari. Fedha zilizodai kulinda uhuru wa utamaduni ziliuacha uhuru huo uchi mbele ya askari.

Shamba la Wanyama na mwisho uliokatwa

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mambo ya mikutano na majarida, nasi tunafundisha vitabu. Basi nichukue kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, ilitoka Nairobi mwaka 1967. Kila aliyeisoma anakumbuka mwisho wake: wanyama wako nje dirishani, ndani nguruwe na wanadamu wameketi pamoja wakicheza karata, na walio nje hawawezi tena kutofautisha nguruwe na mwanadamu. Lawama ya Orwell ina pande mbili. Inawakaripia viongozi wa mapinduzi walioyasaliti mapinduzi, na inawakaripia mabwana wa zamani ambao wasaliti hao wamefanana nao.

Mwaka 1954 ilitolewa filamu ya katuni ya kitabu hicho, iliyotengenezwa Uingereza. Fedha zake, kama ilivyokuja kujulikana, zilitoka CIA. Katika filamu hiyo wanadamu hawamo katika chumba cha mwisho. Wamebaki nguruwe peke yao, na wanyama wanaamka na kuwapindua. Tazama jinsi kazi ilivyofanywa kwa ustadi. Hakuna neno la uongo lililoongezwa. Upande mmoja wa lawama ulikatwa tu, na upande uliobaki ukawa shambulio dhidi ya Urusi pekee. Bepari akaondolewa mezani kabla mtazamaji hajafika dirishani.

Huu ni mfano mzuri kwa darasa. Mwambie mwanafunzi asome sura ya mwisho ya Kawegere, kisha umsimulie mwisho wa filamu, halafu umuulize: nani hayupo? Atajifunza juu ya propaganda katika kipindi kimoja kuliko katika hotuba kumi.

Mfano wa karibu zaidi

Tusije tukadhani kwamba mambo haya yalikwisha pamoja na Vita Baridi. Mwezi wa Machi 2012, kikundi kimoja cha Marekani kiitwacho Invisible Children kilitoa filamu ya muda wa nusu saa hivi juu ya Joseph Kony, nayo ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100 katika muda usiotimia juma. Hapa hapakuwa na siri ya ujasusi. Kikundi kilijitangaza na kuomba fedha waziwazi. Lakini orodha ya wageni ilikuwa na kasoro ile ile. Mtengenezaji wa filamu na mtoto wake mdogo walipewa nafasi kubwa, ilhali watu wa kaskazini ya Uganda, walioibeba vita ile kwa miaka ishirini, walipewa nafasi ndogo. Mtazamaji angeweza kuimaliza filamu asielewe vizuri kwamba majeshi ya Kony yalikuwa yameondoka Uganda miaka sita hivi iliyopita.

Mwezi huo huo filamu ilionyeshwa Lira, mbele ya halaiki ya watu, wengi wao wakiwa wahanga wa vita hivyo. Walikuja kuona habari zao. Walipoona kwamba habari zile ni za mtu mwingine, walikasirika, na baadhi wakarusha mawe. Simsifu mtu kwa kurusha mawe. Lakini kama huo nao ni uhakiki wa fasihi, basi watazamaji wa Lira waliufanya, tena bila shahada. Waliuliza swali lile lile la binti wa darasani kwangu: sisi tulikuwa wapi?

Hitimisho

Juma lililofuata nilirudi darasani, nikaufuta mstari wangu wa zamani. Badala yake niliandika kwamba mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, kwa fedha ambazo chanzo chake walifichwa, na kwamba fasihi ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuzaliwa zamani na ilikuwa na watu wazima. Wanafunzi walinakili. Yule binti akanyosha mkono tena.

"Na kitabu chetu hiki cha kiada, Mwalimu, nani kalipa kukichapa?"

Tulifungua ukurasa wa pili wa kitabu pamoja. Ilikuwapo nembo ndogo ya mfadhili wa ng'ambo ambayo sikuwahi kuitazama hata mara moja.

Sisemi tukatae kila msaada. Mkono mtupu haulambwi, na anayedhani kwamba Kiswahili kitaenea Uganda kwa mashairi matupu hajawahi kutafuta vitabu vya darasa zima. Tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 na kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, wageni wenye mifuko wameanza kutugeukia, nao watazidi kuja kadiri lugha hii inavyopewa nafasi shuleni. Wengine watatoka Magharibi, wengine Mashariki, wengine watakuwa serikali zetu wenyewe. Wote watakuja na tabasamu. Ninachosema ni kwamba fedha ikipokelewa, itajwe. Mfadhili anayeona haya kutajwa hafai kupokelewa, na mwalimu anayeona haya kumtaja afikiri upya.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili kwa chama chetu. La kwanza ni kwamba katika madarasa yetu ya uhakiki, pamoja na maudhui, fani na wahusika, tuwazoeze wanafunzi kuuliza maswali manne: nani kalipa? lugha imechaguliwa na nani? nani hayupo? nini kimekatwa? Maswali hayo hayamhitaji mtu kuwa mjuzi wa siasa, na yanafaa kwa riwaya, kwa gazeti, kwa filamu na hata kwa hotuba ya harusi.

La pili ni dogo zaidi, na huenda likawaudhi baadhi yetu. Jarida letu hili lichapishe katika ukurasa wake wa kwanza, kila toleo, limelipiwa na nani na kwa kiasi gani. Kama ni ada za wanachama, tujivunie. Kama kuna mwingine, msomaji amjue kabla hajafika kwenye makala. Hatuwezi kuwafundisha vijana kumtafuta mlipaji wa Makerere ya 1962 huku wa kwetu tumemfunika kwa leso.